Gorogoro Yenye Njaa

Mama Lynnet hakuwa mwizi. Ungemuuliza yeye mwenyewe, angekuapia kwa Mungu na kwa kaburi la mamake, na angekuwa anaamini anachosema. Alikuwa mfanyabiashara wa omena, wale dagaa wa ziwani, na kwenye bichi hii iliyo nje kidogo ya Muhuru Bay, mfanyabiashara ana maarifa yake.

Kipimo cha hapa ni gorogoro, ule mkebe wa mafuta ya kupikia wa kilo mbili. Mahindi hupimwa kwa gorogoro, maharagwe kwa gorogoro, na omena wakishakauka juu ya neti, nao ni gorogoro. Kila mwanamke hupaka yake rangi ubavuni ili zisichanganyike. Ya Mama Lynnet, ambaye jina lake la ubatizo ni Millicent, ilikuwa na michirizi miwili ya kijani, na sifa zake zilifika hadi Ogwedhi kwenye mnada wa ng'ombe. Watu waliisifia kwa sababu ya kilele. Wengine wakijaza hadi mdomoni na kuishia hapo, Millicent alirundika omena juu mpaka wakaanza kumwagika, kisha akaongeza kiganja kingine na kusema, "Chukua na kilele, mama, Mungu akubariki."

Sasa, chini ya gorogoro hiyo kulikuwa na habari nyingine. Aliponunua mkebe mpya, Millicent aliufunika kifudifudi mchangani nyuma ya jiko, akachukua mchi, akaugonga kitako taratibu mpaka kikaingia ndani. Juu alitoa, chini alichukua, na alichochukua kilizidi alichotoa. Lakini ni nani atakayepindua mkebe wa mtu anayekumwagia kilele namna hiyo? Ungeonekana huna shukrani.

Aliyechekwa ni Bitutu. Bitutu alikuwa mjane kutoka Kisii, alikuja kuuza kwa wiki moja, akakaa miaka sita. Yeye alijaza, akapitisha kijiti juu ya mdomo wa mkebe, akakata pa! sawasawa, hata omena mmoja asizidi. Watu walimwita mkono wa birika. Walinunua kwake pale tu wa Millicent walipokwisha.

Kwa hivyo wazazi wa chekechea walipotafuta mwenyekiti wa kamati, hawakuhangaika. Anayepima hivi hatatuibia, walisema, wakampa Millicent kiti.

Chekechea yenyewe ilikuwa ya jamii, chumba kimoja cha mabati kando ya kanisa, kilichojengwa na wazazi kwa mikono yao. Mwanzoni mwa mwaka alikuja mwalimu mpya kutoka Lambwe, Mwalimu Jedidah, msichana mwembamba wa Kisabato mwenye sauti ya chini. Wiki ya kwanza aliyafungia madaftari kabatini. Wiki ya pili alituma ujumbe kwa wazazi: leteni vitu vya nyumbani msivyovitumia, mikebe, vifuniko, vigunzi vya mahindi, vitambaa. Watoto watajifunza kwa kucheza.

"Kwa kucheza!" Millicent alisema siku hiyo. "Ng'ombe naye atakamuliwa kwa kupigiwa ngoma."

Lakini Lynnet, bintiye wa miaka mitano, alimlilia siku tatu mfululizo kwamba kila mtoto amepeleka kitu ila yeye. Ili apate amani, Millicent alienda nyuma ya jiko, akaokota gorogoro yake ya zamani iliyoanza kushika kutu, ile aliyoistaafisha aliponunua nyingine, akaitupa ndani ya mfuko wa mtoto. Hakuitazama mara mbili. Ilikuwa mwezi wa Machi, omena walikuwa wengi, na kichwa chake kilikuwa ziwani.

Tangu hapo kila jioni ikawa vituko.

"Leo mmesoma nini?"

"Tumeuza, mama."

"Mmeuza nini?"

"Mchanga."

Loo! Mtoto anarudi nyumbani na mchanga nyweleni, mchanga masikioni, mchanga ndani ya soksi, lakini daftari ni jeupe pe. Na Millicent alikuwa na haraka ambayo Mwalimu Jedidah hakuijua. Kulikuwa na shule ya bweni kule Migori mjini, yenye ukuta na basi la manjano, na mwezi wa Januari ingewaita watoto kwa usaili. Mtoto angeketishwa peke yake, aandike moja hadi hamsini na asome ukurasa mmoja. Millicent aliacha shule darasa la sita. Alitaka Lynnet aingie mle kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote, na kila alipoona ule mchanga aliona lango likifungwa.

Dawa aliijua. Mwalimu Monari, mstaafu, fundi wa fimbo na kalamu nyekundu, alikuwa tayari kuanza hata kesho. "Mchelea mwana kulia hulia yeye," Millicent aliwaambia wazazi mmoja mmoja pale bichi huku akiwamwagia kilele. Akaitisha mkutano wa Alhamisi. Ajenda ilikuwa moja: Mwalimu Jedidah arudi kwao Lambwe.

Mwalimu hakubisha. Aliomba jambo moja tu, kwamba kabla ya kupiga kura wazazi wakae nusu saa watazame watoto wanafanya nini.

"Watazame," Millicent alisema. "Waone kwa macho yao."

Siku ya Alhamisi walijaa. Akina mama waliketi kwenye viti vya watoto, magoti yakiwafikia kidevuni. Caleb, katibu wa kamati, alikaa na kitabu chake cha kumbukumbu akiwa amekwisha kuandika tarehe. Mwikwabe alikuwepo pia, Mkuria mwenye kifua kipana, anayenunua omena kwa magunia na kuwapeleka Ogwedhi, baba wa Nchagwa, mtoto mmoja wa hapo. Bitutu alisimama mlangoni kwa sababu hakuna aliyemsogezea kiti. Kwa vile walikuwa Wajaluo, Wakuria na Wakisii pamoja, mkutano ulikuwa wa Kiswahili.

Katikati ya chumba kulikuwa na turubai, na juu yake duka. Rundo la mchanga mkavu, vikombe vya uji vya plastiki, na gorogoro nne zilizozungushiwa karatasi za rangi: bluu, manjano, zambarau, nyekundu. Lynnet alikuwa muuzaji. Alijifunga leso kiunoni, akaketi miguu imetanuka, akaanza kuita.

"Omena ya leo! Omena kavu, haina mchanga! Njoo mama, njoo na beseni!"

Chumba kizima kiliangua kicheko, maana hiyo ilikuwa sauti ya Millicent yenyewe, na ile namna yake ya kutupa shingo. Mtoto alirundika mchanga juu ya mkebe, akaongeza kiganja. "Chukua na kilele, mama, Mungu akubariki." Mwikwabe alicheka mpaka akafuta machozi. Hata Millicent alitabasamu bila kupenda. Alijiona ameketi pale, mdogo, msafi, na kwa kitambo kidogo akasahau kilichomleta.

Kisha alikuja mteja, Omosa, mwana wa Bitutu, na kikapu kichwani.

"Nipimie moja."

Lynnet alichukua gorogoro nyekundu. Omosa akakunja uso.

"Hiyo sitaki. Hiyo iko na njaa."

"Nitakuongeza kikombe."

"Haya basi."

Akapima, akaongeza kikombe kimoja, mchezo ukaendelea. Ungeweza kupita hivyo hivyo. Lakini Mwikwabe ni mtu wa kununua na kuuza, na sikio lake halilali.

"Ngoja, ngoja kwanza," alisema, akainama kwenye kiti chake kidogo. "Watoto wangu, hiyo gorogoro iko na njaa namna gani?"

Walimjibu wote kwa pamoja, kwa ile huruma ambayo watoto huwa nayo kwa mtu mzima asiyejua kitu. Omosa alivuta ya bluu. Wakaanza kujaza kwa kikombe, na kila kikombe kilikatwa kwa rula, na darasa zima likahesabu kwa sauti. Moja. Mbili. Akina mama nao wakaingia, bila kukusudia. Sita. Saba. Nane. Imejaa. Wakaimwaga, wakavuta nyekundu. Moja. Mbili.

Ilipofika tatu, Millicent aliona mdomo wa mkebe. Karatasi haikufika juu, na pale juu bati lilikuwa na pengo dogo, lililokunjwa kwa ndani kama jino. Lile pengo lilimkata kidole cha shahada miaka miwili iliyopita, na kovu analo hadi leo. Akafunga ngumi kulificha.

"Saba!" walisema watoto. Mchanga ulikuwa umefika mdomoni. "Imeshiba saba tu. Ya nane inamwagika."

"Tuliona siku ile ya kupima," Lynnet alieleza, mikono kiunoni. "Tukaangalia ndani, tukaona tumbo yake imeingia. Ndiyo tukatunga sheria. Mwenye kuuza na hiyo, lazima aongeze kikombe. Juu atoe, chini asichukue."

Hakuna aliyecheka. Hesabu za wazazi kwenye bichi huwa haraka. Gorogoro moja, kikombe kimoja kinapotea. Magunia ya Mwikwabe kila wiki, mwaka mzima. Ungeweza kuona watu wakihesabu, midomo ikicheza kidogo. Mwikwabe aliinuka, akauchukua mkebe, akaumwaga, akaupindua. Kitako kilikuwa kimeingia ndani vizuri, duara safi.

"Hii haikuanguka," alisema. "Hii iligongwa. Na imetoka kwa mtu wa hapa, aliyetupimia nayo. Ni ya nani?"

Mwalimu Jedidah alisimama. "Vitu vilikuja kwa mfuko, Baba Nchagwa. Sikuandika majina."

"Kuna rangi chini ya hii karatasi. Tutoe tuone."

"Hapana." Ile sauti ya chini haikupanda, lakini ilikaza. "Ni kifaa cha watoto. Karatasi hiyo nilibandika mwenyewe, na hakuna mtu mzima atakayeitoa darasani mwangu."

Alisema hivyo akiangalia ukuta, na hapo Millicent akajua. Nilibandika mwenyewe. Basi alikuwa ameiona michirizi miwili ya kijani tangu Machi, na kila Ijumaa asubuhi alikuja bichi, akanyoosha beseni lake, akapimiwa, akasema asante kwa kilele. Leo ndiyo siku ya kufukuzwa kwake, na bado anaificha. Millicent alihisi joto likipanda kutoka shingoni. Haikuwa shukrani. Alimchukia yule msichana kwa nguvu zote, kama unavyomchukia mtu aliyekukuta huna nguo akageuka upande kwa adabu.

Lakini alikuwa amenusurika. Angenyamaza tu.

"Kwani tunaulizana nini?" Ilikuwa sauti ya mama mmoja wa nyuma. "Asiye na kilele si anajulikana?"

Vichwa vikageukia mlangoni.

Bitutu aliona macho yakimjia. "Mimi? Mimi nakata na kijiti mbele yenu!"

"Ndiyo hiyo. Mchoyo wa juu ni mwizi wa chini."

"Miaka sita!" Bitutu alisema. "Miaka sita nakaa na nyinyi! Njooni kwangu sasa hivi mpindue mkebe wangu!"

"Utakuwa umenunua mpya," mtu akajibu, na wengine wakaguna kukubali.

Mwalimu Jedidah aliukazia macho mkebe. Alikuwa ameifunga karatasi ile kumlinda mtu mmoja, na sasa ilikuwa inamchoma mwingine, na uso wake ulionyesha kwamba hilo hakulipigia hesabu. Millicent alitazama mikono yake. Akajiambia, Bitutu amezoea kusemwa. Akajiambia, yatapita, watu husahau. Akajiambia habari ya shule ya Migori, na ya basi la manjano, na kwamba mtoto wa mwizi hubeba jina hilo hata avae yunifomu gani. Yote yalikuwa kweli. Angekaa hapo na ukweli wake hadi jioni.

Omosa alikuwa ameacha kikapu, akaenda kushika sketi ya mamake. Mchezo ulikuwa umeharibika, na Lynnet, muuzaji, hakufurahi kuona duka limelala. Akanyoosha kidole. Akatupa shingo.

"Omosa! Usirudi hapa kwetu. Mama yako ni mtu wa gorogoro ya njaa. Sisi tunauza na kilele, Mungu ametubariki."

Sauti ilikuwa ile ile. Mlio, shingo, kidole, Mungu, kila kitu. Nusu saa iliyopita chumba kilikuwa kimecheka sauti hiyo. Sasa Millicent aliisikia jinsi ilivyo, ikitoka kwenye kinywa chenye pengo la jino la utotoni, na aliona haya. Wala haikuwa haya ya kushikwa. Mtoto wake alikuwa amejifunza. Mchana kutwa kule bichi, miguuni pake, alikuwa amejifunza vizuri sana, bila daftari.

Aliinuka. Kile kiti kidogo kilimng'ang'ania, kikainuka naye, ikabidi akibandue kwa mkono, na hata hapo hakuna aliyecheka. Akavuka turubai, akawakanyaga omena wa mchanga, akamnyang'anya Mwikwabe mkebe.

"Mama Lynnet, mwalimu amesema karatasi isitolewe," Caleb alianza.

"Nimesikia."

Akaingiza ukucha kwenye mshono wa karatasi, akavuta. Gundi ya unga wa ngano hushika kweli kweli. Ilitoka kipande kwa kipande, nyekundu, nyekundu, kisha kutu, kisha kijani. Mchirizi wa kwanza. Mchirizi wa pili. Akauinua mkebe ili hata wa nyuma waone.

"Bitutu hajawahi kuwaibia," alisema. "Ni yangu. Niliigonga na mchi. Na ile ninayotumia sasa pia nimeigonga."

Lynnet alipiga makofi, akaruka.

"Kumbe ni ya kwetu! Omosa, ni ya kwetu!"

Ajenda haikusomwa tena. Caleb alibaki na tarehe yake tupu, watu wakatoka mmoja mmoja bila kuaga, na Mwikwabe akapita mbele ya Millicent kama anavyopita mbele ya nguzo ya stima. Habari ya kumfukuza Mwalimu Jedidah hakuna aliyeitaja, siku hiyo wala baadaye. Uenyekiti nao haukuhitaji kura. Wiki iliyofuata Bitutu aliitwa kwenye mkutano na akakuta amesogezewa kiti, kile cha mwenyekiti.

Usiku wa Alhamisi ile Millicent alitaka kuunyoosha mkebe wake mpya. Aliingiza mchi ndani, akagonga kutoka upande wa pili, lakini bati likishazoea kulala upande mmoja halirudi lote. Asubuhi ya Ijumaa alikwenda bichi nao hivyo hivyo, akakaa mahali pake, akatandaza omena. Hakuita wateja. Alidhani hakuna atakayekuja, na alikuwa amejiandaa kwa hilo.

Walikuja. Walikuja wengi kuliko siku zote, wakapanga foleni, na kila mmoja alikuwa na beseni mkono mmoja na kikombe mkono wa pili. Hawakumtukana. Alipopima gorogoro, mtu alinyoosha kikombe tu, akangoja, macho yake pembeni. Millicent akakijaza. Anayefuata akanyoosha chake. Watoto walikuwa wamewapa wazazi sheria yao, nao wazazi wakaiona inafaa. Mwikwabe alileta kopo kubwa la lita, na Millicent akalijaza hilo pia.

Mwalimu Jedidah alikuja mwisho, akiwahi kununua omena wa Sabato kabla kengele ya shule haijalia. Alikuwa na beseni peke yake.

"Kikombe chako kiko wapi?" Millicent aliuliza.

"Sikuleta."

"Tangu Machi umejua."

"Ndiyo."

"Na ukaendelea kununua kwangu. Ukaondoka na saba, ukasema asante." Sauti ya Millicent ilikuwa kali, maana hakuwa na nyingine ya kutumia. "Mbona hukuniambia?"

Mwalimu alilishusha beseni lake. "Ningewaambia watoto kuna nane, wangeimba nane, jioni wangesahau. Niliwaacha wapime."

"Nimeuliza kuhusu mimi, si watoto."

"Na mimi nimekujibu," alisema Mwalimu Jedidah.

Millicent alipima. Hakuweka kilele. Aliokota kijiti kutoka mchangani, akakipitisha juu ya mdomo wa mkebe, kwa shida kidogo, maana mkono wake haukuwa umezoea, na hatua mbili kutoka hapo Bitutu alikuwa akitazama. Kisha akainama chini ya kibanda, akatoa kikombe cha uji cha plastiki ambacho Lynnet alimpa asubuhi akitoka nyumbani. Kilikuwa bado na mchanga. Akakipangusa kwa leso, akakijaza, akamwaga ndani ya beseni la mwalimu.

"Hicho ni nane," alisema.